Jointi safi kwenye kaunta ya kwatzi: mwongozo kamili wa kufunga, hatua kwa hatua

Picha ninazotumiwa zinafanana. Jiko la umbo la L, kaunta nyeupe ya kwatzi, na katikati yake, pale vipande viwili vinapokutana, mstari mweusi kama uchafu wa kucha. Ukipitisha kidole, kinagota. Chini ya picha swali ni lile lile: "Fundi, hii inarekebishika?"

Kidogo tu, maana kosa kwa kawaida halikufanyika siku ya gundi. Lilifanyika wiki mbili kabla, fundi wa makabati alipoondoka akaacha kabati moja limelala milimita nne chini ya jirani yake, na hakuna aliyeweka pimamaji juu yake.

Huu ni mwongozo wa fundi aliyezoea granaiti na vigae ambaye sasa anapata kazi za kwatzi, na wa mwenye nyumba anayetaka kusimama jikoni akijua anachokiangalia. Ukiwa mwenye nyumba, usishike grenda. Soma ujue mahali pa kuuliza swali.

## Vitu vya kuwa navyo

Kusanya vyote kabla hujagusa jiwe. Gundi ikishachanganywa haikusubiri utume mtu dukani.

- Pimamaji ndefu, na bomba la alumini lililonyooka la mita 2 au zaidi
- Futi, skwea, na kadi ya benki ya zamani (utaona kazi yake)
- Vipande vya plastiki vyembamba vya kuinulia, vya unene tofauti
- Vipande vya plaiwudi au hadibodi ya milimita 3, upana wa sentimita 6 hivi, na bunduki ya gundi moto
- Diski ya almasi ya kukata jiwe, mashine ya kukatia kwa maji, na biti ya almasi ya kutobolea
- Barakoa ya N95 au zaidi, miwani na viziba masikio
- Epoksi ya mawe (gundi ya kuchanganya sehemu mbili) yenye rangi, au rangi za kuchanganyia
- Asetoni au spiriti, vitambaa vyeupe safi, nyembe mpya, tepu ya karatasi
- Silikoni isiyo na harufu ya siki
- Vishikio vya kunyonya vya kuvutia jointi, vile vyenye skurubu za kusawazisha

Hivyo vya mwisho ndivyo mafundi wengi hawana. Ukikosa, nitakueleza njia mbadala kwenye hatua ya saba.

## Jiwe lenyewe, kwa ufupi

Kwatzi ya kiwandani ni chembe za mawe ya kwatzi, kiasi cha asilimia 90 na zaidi ya uzito wake, zilizoshikwa na resini. Hiyo resini ndiyo inayoitofautisha na granaiti. Haipendi moto: sufuria iliyotoka jikoni inaweza kuacha alama isiyotoka. Haipendi jua la moja kwa moja pia, kwa hiyo usiifunge barazani. Na uso wake umeng'arishwa kiwandani. Ukiusugua pale jikoni kama unavyosugua granaiti, utaacha doa lililofifia ambalo hutalirudisha.

Unene wa kawaida ni milimita 20 au 30. Mita moja ya mraba ya milimita 20 ina uzito wa karibu kilo 50. Kipande cha mita 2.4 kwa sentimita 60, basi, ni kilo 70 na ushee. Panga watu mapema.

## Hatua ya 1: Kagua mabamba kabla ya kulipa

Bamba moja huwa na urefu wa mita 3 hivi. Jiko la L mara nyingi litahitaji mabamba mawili, na hapo ndipo rangi inapoponza watu. Nyuma au ubavuni kuna lebo yenye namba ya toleo. Hakikisha mabamba yote ni ya toleo moja. Nyeupe ya toleo hili na nyeupe ya toleo lile zikiwa mbalimbali dukani zinaonekana sawa. Zikikutana ubavu kwa ubavu, hata mgeni ataona.

Pima unene pia, kwenye kingo zitakazokutana. Tofauti ya nusu milimita ukiijua leo utaisawazisha kwa plastiki chini. Ukiijua gundi ikiwa mbichi, utaita majina yote ya Mungu.

Kama jiwe lina mishipa, lipige maji, lisogeze juani, uone mishipa inaelekea wapi. Chora kwa penseli ya nta mahali vipande vitakapokutana, ili mshipa uvuke jointi badala ya kukatika ghafla. Jiwe lenye chembechembe ndogo linaficha jointi vizuri zaidi kuliko jeupe tupu. Mwambie mteja hilo kabla hajachagua.

## Hatua ya 2: Sawazisha kinachobeba

Hatua hii inakula nusu ya muda, na ndiyo inayoamua jointi. Jiwe la milimita 20 halipindi kufuata kabati. Ukililaza juu ya kilima, litakaa kilimani na ncha zote mbili zitaning'inia. Mtu akija kuegemea, linapasuka, au jointi inafunguka.

Weka alumini juu ya makabati: kwa urefu, kwa upana, kisha kwa mshazari kwenye kona. Lenga tofauti isiyozidi milimita 1.5 ndani ya mita 3. Huna cha kupimia kitu chembamba hivyo? Kadi ya benki ina unene wa robo tatu ya milimita, kadi mbili pamoja ni milimita 1.5. Kadi mbili zikipenya chini ya alumini kwa urahisi, kabati bado.

Inua kabati kwa miguu yake au kwa plastiki. Usitumie vipande vya mbao, hasa karibu na sinki: vikinywa maji vinavimba, na vinavimba vikiwa chini ya jiwe. Ukishasawazisha, funga makabati yote kwa skurubu yawe kitu kimoja, kisha ukutani.

Majiko yetu mengi hayana makabati ya kubeba. Yana zege juu ya kuta fupi za tofali. Zege ni zuri kwa nguvu, baya kwa usawa. Lipe siku 28 tangu kumwagwa, kisha ulikwangue vilima na kujaza mabonde kwa plasta laini, uisubiri ikauke. Usitegemee rojo nene la saruji kusawazisha siku ya kulaza jiwe, kama tunavyofanya kwenye vigae. Rojo linasinyaa likikauka, na linasinyaa pasipo usawa.

Mahali itakapopita jointi, weka ubao au plaiwudi ya baharini upana wa sentimita 20 hivi, umefungwa pande zote mbili za mstari. Vipande vyote viwili vikae juu ya kitu kimoja.

Kazi imekaa sawa: alumini inakaa bila kuyumba popote uiwekapo, na unaweza kusimama juu ya kabati lolote bila jirani yake kusogea.

## Hatua ya 3: Chagua mahali pa jointi

Hapa nina kesi yangu mwenyewe. Miaka ya nyuma nilifunga jiko Kigamboni, nikapitisha jointi katikati ya sinki. Hesabu ilinivutia: pale jiwe limeshakatwa, jointi inabaki vipande viwili vifupi, mbele na nyuma, na haionekani sana. Baada ya miezi michache mama mwenye nyumba akapiga simu. "Fundi, chumvi zangu zimelowa ndani ya kabati." Kile kipande cha nyuma ya bomba, chembamba kama kiganja, kilikuwa kimefunguka, na kila bomba lilipodondosha maji yaliingia humo. Nilikitoa chote na kukifunga upya kwa gharama yangu.

Wapo mafundi wazuri wanaoikata hapo hadi leo. Mimi siikati tena. Sheria ninazofuata ni hizi:

Jointi ikae angalau sentimita 15 kutoka kwenye tundu la sinki au la jiko la kupachika. Isikae juu ya mashine ya kuosha vyombo, kwa sababu ya mvuke na kwa kuwa chini yake hakuna kabati. Isikae juu ya kaunta inayoning'inia.

Kwenye kona ya L, kipande kimoja kiende moja kwa moja hadi ukutani, cha pili kije kukigonga ubavuni. Usikate kwa mshazari wa nyuzi 45 kama fremu ya picha. Jointi ya mshazari ni ndefu zaidi, na ncha yake ya ndani ni kali na inamomonyoka.

Kingo za duara za mbele zinaleta tabu kwenye kona: duara la kipande kimoja haliwezi kuingia kwenye ubavu wa kingine bila kuacha shimo. Kama mteja anang'ang'ania duara, liishie kabla ya jointi. Kingo za mraba zilizokatwa ukali kidogo tu ndizo zinazokaa vizuri.

## Hatua ya 4: Chukua pateni, usiandike namba tu

Kuta zetu hazijanyooka na kona zetu si nyuzi 90. Pima kona kwa njia ya 60, 80, 100: sentimita 60 ukuta huu, 80 ule, na kati ya alama mbili iwe 100 kamili. Mara chache itakuwa.

Kwa hiyo tengeneza pateni, yaani kiolezo cha umbo la kaunta. Panga vipande vya hadibodi kufuata ukuta, mbele, na mstari wa jointi, uvigundishe kwa gundi moto hadi vipate umbo lote la kaunta. Acha milimita 2 hadi 3 ukutani. Jiwe linatanuka kwa joto na vigae vitafunika pengo hilo. Andika juu ya kila pateni: upande wa juu, mbele, kushoto, kitovu cha sinki. Pateni iliyogeuzwa imeshaharibu mabamba mengi.

Sinki na jiko la kupachika viwepo mkononi siku hiyo. Usipime kwa karatasi ya maelezo.

## Hatua ya 5: Kata kwa maji, au usikate

Vumbi la kwatzi ni silika. Chembe zake zinazodhuru hazionekani kwa macho, zinashuka hadi mwisho wa mapafu na hazitoki. Ugonjwa wake ni silikosisi, na hauna tiba ya kuurudisha nyuma. Australia iliona vijana wengi wa kazi hii wakiugua, na kuanzia tarehe 1 Julai 2024 ikapiga marufuku kutengeneza, kuuza, kukata na kufunga jiwe hili. Huku kwetu bado namwona kijana anakata kavu uani, kajifunga kitenge mdomoni, na watoto wanapita. Kitenge hakichuji chembe hizo.

Kata karakana, kwa mashine inayotiririsha maji kwenye diski, ukiwa na barakoa. Usimwambie msaidizi amwage maji ya chupa juu ya grenda ya kawaida ya umeme: hiyo inaua kwa njia ya haraka zaidi. Mashine iwe ya maji kweli, na imepita kwenye breka inayokata umeme unapovuja. Tope likusanywe likiwa bado bichi. Likikauka linarudi kuwa vumbi.

Mambo matatu yanayohusu jointi moja kwa moja:

Kingo mbili zitakazokutana zikatwe kwa mwongozo ulionyooka, kwa kwenda moja, bila kusimama. Ukisimama, diski inachora kidonda.

Usizikate ukali wake wa juu. Huu ndio ugonjwa wa waliotoka kwenye vigae. Mkono umezoea kupitisha jiwe la kunoa kila ukingo ili usikate mtu. Kwenye jointi, kingo mbili zilizopunguzwa ukali zinaunda mfereji, na mfereji ndio ule mstari mweusi kwenye picha. Punguza kidogo upande wa chini badala yake, ili juu ndiko kugusane kwanza na gundi ipate nafasi chini.

Kona za matundu zitobolewe kwanza kwa biti, ziwe na mviringo wa milimita 10 au zaidi, ndipo ukate kuunganisha matundu. Ukikata kona ya mraba na diski ikapitiliza hata kwa milimita mbili, hapo ndipo ufa utaanzia.

## Hatua ya 6: Beba wima, panga bila gundi

Jiwe libebwe likiwa limesimama kwa ubavu, kama mlango. Kipande chenye tundu la sinki kifungiwe ubao kuvuka tundu.

Laza vipande vyote mahali pake bila gundi, kisha usogelee jointi. Piga tochi ya simu ikiwa imelala juu ya jiwe upande mmoja, wewe uangalie kutoka upande wa pili. Kivuli kinakuambia kipande kipi kiko juu. Inua kilicho chini kwa plastiki nyembamba, nusu milimita kwa nusu milimita, hadi kivuli kife urefu wote wa jointi, mbele, katikati na nyuma.

Kisha jaribu kadi ya benki kwenye pengo. Isiingie mahali popote. Ikiingia mbele na kugoma nyuma, basi ukingo haujanyooka au kona imepimwa vibaya, rudisha karakana. Ndiyo, jiwe kilo 70 lirudi kwenye gari. Hakuna gundi inayoficha pengo la milimita tatu.

Mafundi wanaiona hatua hii ni ya kupoteza muda. Mimi huipa saa nzima.

## Hatua ya 7: Gundi

Tumia epoksi ya mawe. Mastiki ya poliesta inafanya kazi na ni rahisi, lakini kwenye joto la Dar es Salaam inaganda kabla hujamaliza kusawazisha. Saruji nyeupe haifai hata kidogo: haishiki jiwe hili, inanyonya manjano na mafuta. Silikoni peke yake pia haishiki, inateleza, na baadaye inashika uchafu.

Rangi kwanza. Siku moja kabla, gundisha mabaki mawili ya jiwe lile lile, yakauke, uyaangalie mchana na usiku chini ya taa ya jiko hilo hilo. Taa ya njano inafichua kijivu ambacho jua lilikificha. Jiwe la chembechembe, fuata rangi ya ardhi yake, ile iliyo nyuma ya chembe, achana na chembe.

Siku yenyewe fuata mpangilio huu:

1. Tenganisha vipande kwa sentimita 3. Futa kingo kwa spiriti au asetoni kwa kitambaa cheupe hadi kitambaa kitoke safi. Usiguse tena kwa vidole.
2. Bandika tepu ya karatasi juu, kila upande, milimita 2 kutoka ukingoni.
3. Changanya epoksi kwa kipimo cha kopo, usikisie. Kikali, ile sehemu inayogandisha gundi, kikiwa kingi hakiongezi nguvu. Kinaifanya gundi ibadilike rangi au isikauke sawasawa.
4. Paka kingo zote mbili, uijaze vizuri, sukuma vipande vikutane.
5. Weka vishikio vya kunyonya, vuta polepole, huku ukisawazisha juu kwa skurubu. Pitisha ukucha kila sentimita 10.
6. Acha kuvuta gundi inapochomoza mstari mzima. Ukikaza zaidi unaikamua yote itoke, na jointi inabaki kavu ndani.

Huna vishikio? Gundisha vipande vya mbao juu ya jiwe kwa gundi moto, kila upande wa jointi, uvivute kwa vibano vya seremala. Kesho yake vinang'oka kwa spiriti na wembe. Njia hii inavuta vizuri lakini haisawazishi, kwa hiyo usawa wa hatua ya sita uwe kamili.

## Hatua ya 8: Safisha kwa wakati wake

Gundi ni samaki, ikunje ingali mbichi, ila isiwe mbichi mno. Ukifuta ikiwa maji unaichota kutoka ndani ya jointi na kuacha bonde. Isubiri iwe kama mpira, ndipo upitishe wembe mpya ukiwa umelala, kisha utoe tepu. Kilichobaki futa kwa kitambaa chenye spiriti kidogo.

Usipitishe grenda wala msasa juu. Nimeshasema kwa nini.

Mtu yeyote asiegemee kaunta kwa saa 24, akiwemo fundi wa rangi anayetafuta mahali pa kukalia.

## Hatua ya 9: Shikiza, sinki, ukutani

Jiwe linashikwa na makabati kwa vidonge vya silikoni kila sentimita 30 hivi, vinavyowekwa kabla ya kulilaza mara ya mwisho. Halihitaji zaidi, uzito wake unatosha. Silikoni iwe ile isiyonuka siki. Sinki la chini ya jiwe lisitegemee gundi tu. Lipe vibebeo, maana likijaa maji na sufuria lina kilo nyingi. Pengo la ukutani lijazwe silikoni, si groti ile ya kujazia kati ya vigae. Groti itapasuka.

## Hatua ya 10: Kagua kabla hujamaliza kulipa

Mwenye nyumba, njoo jioni, taa zikiwa zimewaka. Laza simu juu ya kaunta, washa tochi, angalia mstari kwa usawa wa jicho. Kisha shika kadi ya benki wima, iburute polepole kuvuka jointi, kwenda na kurudi. Isigote upande wowote. Mstari mwembamba utauona ukiutafuta. Jointi isiyoonekana kabisa kwenye jiwe jeupe ni ahadi ya muuzaji. Usichotakiwa kuona ni pengo, mfereji, kivuli, au rangi inayopiga kelele.

Mimina kikombe cha maji juu ya jointi, subiri dakika kumi, fungua kabati la chini, papasa kwa mkono mkavu.

## Kama jointi yako imeshaharibika

Mstari mweusi lakini juu kuko sawa: gundi ya zamani ikwanguliwe kwa ncha ya wembe hadi milimita 2 au 3 ndani, pasafishwe kwa spiriti mara kadhaa, pakaushwe usiku mzima, pajazwe epoksi ya rangi kwa utaratibu ule ule wa tepu na wembe. Hii ni kazi ya nusu siku.

Kidole kinagota: hapo hakuna cha kujaza. Jointi ikatwe, vipande viinuliwe, na fundi arudi hatua ya pili na alumini yake.